Motokaa ya Jamaa Nzima: Ipi Itakufaa?

Tuseme kahawa ya mwaka huu imelipa vizuri. Ng'ombe wawili wameuzwa, na kijana wako aliyeko mjini ameahidi kuongeza kidogo. Jioni mmekaa uani, wewe na mama watoto, na neno ambalo mmelizunguka siku nyingi linatoka: tununue motokaa. Watoto wakisikia hawalali. Jirani naye akisikia atakuja asubuhi na shauri lake, mwenye duka atakuwa na la kwake, na kila mmoja atataja motokaa aliyoiona ikipita kwa mbwembwe barabarani.

Kabla ya kuwasikiliza hao, kaeni kwanza mhesabu kazi ambazo motokaa hiyo itafanya. Siyo kazi za siku ya arusi. Ni kazi za mwezi wa Aprili, mvua inanyesha, saa nane za usiku, mke wa mwanao ameshikwa na uchungu, na hospitali iko kilomita 40. Ni magunia ya mahindi ya kupeleka mnadani. Ni watoto watatu wa shule ya bweni, kila mmoja na sanduku lake na godoro lake. Ni bibi mzee ambaye magoti yake hayakunjiki tena. Motokaa itakayofanya hayo yote, na kesho yake asubuhi ikawaka bila kusukumwa, ndiyo ninayotaka tuitafute pamoja leo.

Pikapu itabeba magunia, lakini mama mja mzito utamlaza wapi? Land Cruiser na Land Rover sina la kuzisema vibaya, zina nguvu kama maksai. Ila bei yake na mafuta zinayokunywa ni vya hospitali na vya halmashauri, siyo vya baba mwenye ekari tatu za kahawa. Inabaki ile motokaa ambayo mbele ni ya abiria kama nyingine zote, lakini paa lake halikatiki. Linaendelea mpaka mwisho, na nyuma kuna mlango mpana unaofunguka kwenda juu. Jina lake ni stesheni wagoni.

Wazee wetu wakisikia neno hilo huikumbuka Peugeot. Peugeot 404 ilitoka Ufaransa mwaka 1960, na 504 ikafuata mwaka 1968, na zote mbili zilikuwa na aina ya stesheni wagoni yenye viti safu tatu. Katika mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kwa kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Ile ya 1966 na ile ya 1967 iliendeshwa na Bert Shankland wa Tanzania, na mpaka leo wapo wazee wanaosimulia kama vile walikuwa wamekaa naye ndani. Kenya iliunganisha 504 nchini mwake kwa miaka mingi, na safari ngapi za mikoani zilifanywa ndani yake, watu wamebanana na kuku chini ya viti! Ilikuwa na tumbo la juu na ekseli nzima ya nyuma iliyokubali mzigo. Lakini leo usiinunue kwa sababu ya mapenzi ya zamani. Spea zake zimekuwa za kutafuta kwa tochi, na mafundi walioijua wamezeeka.

Tutazame basi zile tuzionazo barabarani siku hizi, ambazo karibu zote hutoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika. Nachagua tatu: Toyota Probox, Toyota Corolla Fielder, na Subaru ya namna ya Outback au Forester.

Naanza na Probox, maana ndiyo inayodharauliwa. Umbo lake ni kama sanduku la sabuni. Ilianza kutengenezwa mwaka 2002, na Wajapani hawakuitengeneza kwa ajili ya jamaa. Waliitengeneza kwa ajili ya makampuni, kubebea vipuri, rangi, mashine na vifurushi. Ina pacha wake anayeitwa Succeed. Kwa sababu ni motokaa ya kazi, hakuna kilichowekwa ndani kwa ajili ya kupendeza macho. Ndiyo sababu pia haina mengi ya kuharibika. Huko Kenya miraa ya Meru hukimbizwa Nairobi ndani ya Probox. Na aliyewahi kuona mwendo wa motokaa hizo hataniuliza kama zina uvumilivu, ataniuliza kama madereva wake wana akili.

Tazama kwanza nafasi. Ukilaza viti vya nyuma unapata sakafu ya bapa yenye urefu wa karibu mita 1 na sentimita 80. Mtu mzima anaweza kulala amenyooka juu ya godoro. Mwenye kuishi mbali na hospitali hahitaji kuelezwa zaidi.

Lakini hapa pana jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Probox ziko za namna mbili. Nyingi ni za mizigo, na sheria ya Japani inataka motokaa ya mizigo iwe na nafasi ya mzigo kubwa kuliko ile ya abiria. Kwa hiyo kiti cha nyuma kimesukumwa mbele, mgongo wake umesimama wima, na godoro lake ni jembamba kama mkeka. Mtoto atavumilia. Bibi yetu mwenye magoti, baada ya kilomita 30, atashuka na kukataa kurudi. Namna ya pili ni ya abiria, yenye kiti cha nyuma kinene na cha kustarehesha zaidi. Hiyo iliacha kutengenezwa mwaka 2013, na ni adimu, lakini ukiipata katika hali nzuri mwenye jamaa usiiache. Usiulize muuzaji ni ya namna gani. Ingia mwenyewe, kaa nyuma, uone kama magoti yanagusa kiti cha mbele.

Mama watoto naye aketi. Nimeona mara nyingi baba anakwenda kununua motokaa pamoja na marafiki wawili, wote wanaume, wote wanakaa mbele kwa zamu, hakuna anayekaa nyuma. Motokaa inafika nyumbani, na mama anauliza, "Sasa baba watoto, mimi na watoto tutakaa wapi?"

Fielder ni ndugu wa Probox aliyesoma. Ni stesheni wagoni ya Corolla, ilianza mwaka 2000, na ilijengwa kwa ajili ya jamaa tangu mwanzo. Viti vyake ni laini, milango inafungwa kwa utulivu, na safari ndefu haichoshi. Injini yake ya lita 1 na nusu ndiyo ile ile iliyomo katika Probox nyingi. Mafundi huiita 1NZ, na imewekwa pia katika Vitz, Ist, Spacio, Premio na nyingine nyingi. Faida yake waielewa? Siku itakapohitaji pampu ya maji, huna haja ya kusafiri mpaka Dar es Salaam. Itapatikana mji wa wilaya, mpya au ya kutolewa katika motokaa iliyopata ajali, na kijana mwenye spana chini ya mwembe amekwisha kuifungua injini hiyo mara mia. Tena ndani yake mna cheni mahali pa mkanda wa taimingi. Cheni ikipata oili safi kwa wakati wake, hudumu miaka mingi bila kuguswa.

Udhaifu wa Fielder ni nyuma. Springi zake ni za watu na masanduku. Ukiizoesha kubeba magunia, baada ya mwaka utaiona inatembea imeinua pua kama mbwa anayenusa. Na nyingi za kuanzia mwaka 2006 zina giaboksi isiyo na gia za kuhesabika, inayotumia mkanda wa chuma ndani. Ni nzuri, haili petroli nyingi, lakini inataka mafuta yake maalumu. Fundi akitia mafuta ya giaboksi ya kawaida, kwa kutojua au kwa kutaka kubakiza chenji, giaboksi hiyo itakufa, na gharama yake ni ya ng'ombe kadhaa. Probox za zamani zina giaboksi ya mkono au otomatiki ya kawaida ya gia nne. Zile za kuanzia 2014 nazo zimeingia katika namna hii mpya. Kwa motokaa ya kijijini mimi ningetafuta ya mkono.

Sasa Subaru. Najua vijana wamesubiri nifike hapa.

Subaru ina historia ya kweli. Mwaka 1972 ilitoa Leone, stesheni wagoni yenye kuvutwa na magurudumu yote manne, baada ya kampuni ya umeme ya kaskazini mwa Japani kuomba motokaa ya kuwafikisha mafundi wake milimani wakati wa theluji bila kuteseka ndani ya jipu. Matope ya kwetu na theluji ya kwao ni ndugu. Katika Safari pia ilishinda, mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae na mwaka 2000 na Richard Burns. Outback na Forester zina tumbo lililo juu ya ardhi kiasi cha sentimita 20, wakati Probox na Fielder za kawaida ni kama sentimita 15 hivi au pungufu. Sentimita tano si kitu mezani. Juu ya jiwe la katikati ya njia ndizo zinazoamua kama sampo itapasuka au itapona. Na mlimani, udongo mwekundu umelowa, magurudumu manne yanayovuta pamoja yatakupandisha pale ambapo mwenye Probox anateremsha watu wasukume. Hayo ni kweli, wala siyafichi.

Lakini tuhesabu. Kwa barabara ya wastani, Probox au Fielder ya lita 1 na nusu yaweza kwenda kilomita 14 hivi kwa lita moja ya petroli. Outback ya lita 2 na nusu yaenda kama 9. Ukitembea kilomita 1,000 kwa mwezi, ya kwanza itakunywa lita 71, ya pili lita 111. Tofauti ni lita 40 kila mwezi, lita 480 kwa mwaka. Zidisha mwenyewe kwa bei ya petroli ya kwenu, kisha ulinganishe na ada ya shule.

Injini za Subaru za miaka ile ya nyuma, zijulikanazo kama EJ, zina mkanda wa taimingi ambao hauna budi kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Mkanda ukikatika njiani, mara nyingi vali hupigana na pistoni, na hapo hujui kama utengeneze injini au ununue nyingine. Zile za lita 2 na nusu zinajulikana pia kwa kuvujisha gasketi ya silinda hedi. Silinda zake zimelala ubavuni, mbili huku na mbili kule, kwa hiyo hata kubadilisha plagi ni kazi ya mikono myembamba yenye subira. Tena matairi yote manne lazima yawe ya ukubwa mmoja na yamelika sawasawa. Wewe uliyezoea kununua tairi moja leo na jingine baada ya mavuno, mtindo huo utavunja mitambo inayogawa nguvu kwa magurudumu. Probox hutembea juu ya tairi nyembamba za rimu ndogo, za bei nafuu, na haioni wivu ikiwa moja ni mpya kuliko nyingine, mradi za mbele zifanane kwa ukubwa na za nyuma zifanane.

Je, nasema Subaru ni mbaya? Hapana. Nasema ni motokaa ya mtu mwenye fundi. Ikiwa njia ya kwenu kweli ni ya mlima na matope miezi mitano ya mwaka, na mjini kwenu yupo fundi anayeijua Subaru, siyo anayesema anaijua, basi nunua, na weka fedha ya mkanda kando tangu siku ya kwanza. Ikiwa njia ni mbaya mahali pawili tu, pale mtoni na pale kwenye kona ya mwembe, ni nafuu kwa kijiji kizima kujaza mawe mahali pale pawili kuliko kila mtu kununua magurudumu manne. Zipo pia Probox zenye kuvutwa na magurudumu yote manne, ila si nyingi.

Wengine huinua Probox kwa kuweka vipande vya mpira au chuma juu ya springi. Kuinua kidogo kunasaidia. Kuinua sana kunaharibu ekseli za mbele na kuifanya iyumbe kwenye kona, kwa hiyo usimwachie fundi apime kwa furaha yake.

Kuhusu mzigo nataka niseme kwa ukali kidogo. Probox ya mizigo imeandikiwa na watengenezaji wake kilo 400 ikiwa na watu wawili. Ikiwa na watu watano, mzigo ni kilo 250 tu. Maana yake, wewe na mwanao mwaweza kupakia magunia manne ya kilo mia mia. Mkijaa watano, ni mawili na nusu. Lakini nenda stendi yoyote ndogo uone: watu kumi ndani, wawili wamekaa na dereva kiti kimoja, wanne wengine wamejikunja kwenye buti. Watu kumi wa kilo 60 ni kilo 600 kabla hujaweka hata kikapu. Motokaa hiyo ikifunga breki haisimami pale dereva alipotazamia. Viti ni vitano na mikanda ni mitano, na waliokaa kwenye buti hakuna kinachowashika. Mama aliyempakata mtoto asidhani mikono yake itamzuia motokaa ikigonga. Hakuna mikono yenye nguvu hiyo. Sasa, motokaa ya nyumbani nayo huvutwa polepole katika desturi hiyo. Leo ni shangazi, kesho ni kwaya nzima. Mwenye motokaa akikataa huitwa mchoyo. Heri aitwe hivyo.

Tuje kwenye kununua. Japani motokaa ya abiria hukaguliwa na serikali ikitimiza miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ile ya mizigo hukaguliwa kila mwaka baada ya miwili ya kwanza. Ukaguzi huo ni wa gharama, ndiyo maana wengi huiuza motokaa kabla haijachakaa, nasi tunaipata. Kenya hairuhusu kuingiza motokaa iliyozidi miaka 8. Tanzania inaruhusu, lakini ya miaka mingi hutozwa kodi zaidi, na injini iliyozidi lita 2 hutozwa zaidi kuliko ndogo. Outback ya lita 2 na nusu inaangukia huko. Uliza hesabu yote ya bandarini kabla hujatuma senti moja, maana kodi huweza kukaribia bei ya motokaa yenyewe, na nyakati nyingine kuipita.

Mimi mwenyewe niliwahi kudanganywa, na sioni haya kusema. Nilinunua motokaa kwa mtu mmoja mjini. Mita yake ilionyesha kilomita 68,000, na mimi nikafurahi kama mtoto. Miezi mitatu baadaye, nikiiosha, nikaona pembeni mwa mlango wa dereva karatasi ndogo ya kubandika, imefifia, maandishi ya Kijapani nisiyoyajua. Lakini tarakimu ni zile zile ulimwenguni kote. Ilikuwa karatasi ya gereji ya huko, ya siku walipobadilisha oili, na ilisema 143,000. Nilirudi kwa yule bwana, akaniambia Wajapani huandika namba kwa namna yao. Basi wewe, kabla ya kulipa, tafuta karatasi hiyo mlangoni na chini ya boneti. Tazama mpira wa pedali ya breki: kama umelika mpaka chuma, mita ya kilomita 60,000 inasema uongo. Tazama usukani uling'aa kiasi gani. Kama muuzaji anayo karatasi ya mnada wa Japani, mwombe uione. Herufi R juu yake ina maana motokaa hiyo imewahi kupata ajali na kutengenezwa.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa linahusu uhai. Mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata, ile inayofumuka mbele ya dereva wakati wa kugonga, iligunduliwa kuwa na kasoro. Baruti yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na ikifumuka hurusha vipande vya chuma. Tangu mwaka 2008 mamilioni ya magari ya makampuni mbalimbali, Toyota na Subaru pia, yameitwa yarudishwe kubadilishiwa. Joto na unyevu sisi tunavyo. Chukua namba ya chasisi, umpe kijana mwenye simu nzuri au wakala wa kampuni, aulize kama motokaa hiyo imo katika orodha na kama ilitengenezwa.

Ukiniuliza mimi, mwenye watoto wanne, shamba, na barabara ya changarawe inayoharibika wakati wa masika tu: ningetafuta Probox ya abiria yenye gia za mkono; nikiikosa, Fielder, na magunia ningeyakodia pikapu ya jirani mara mbili kwa mwaka. Mwenye mazao mengi na watoto waliokwisha kuoa, achukue Probox ya mizigo bila kusita. Na siku ya kuijaribu, usikubali kuzungushwa kwenye lami ya mjini. Mwambie muuzaji mwende mpaka kwenye barabara mbaya iliyo karibu, watu watano ndani, mama watoto akae nyuma katikati. Zima redio, fungua vioo, sikiliza chini. Mkirudi, mwulize yeye kwanza.